Chopa ya Sebuleni

Jumamosi, 4 Januari

Nimeikata pikipiki. Fremu vipande viwili, safi kabisa, kwa msumeno wa chuma. Sasa hakuna kurudi nyuma, na ndivyo nilivyotaka.

Mpango ni huu. Pikipiki yetu ya kawaida, ambayo mke wangu hupelekea nguo alizoshona, itakuwa chopa. Tairi la mbele mbali kule, usukani juu usawa wa masikio, kiti chini kama kigoda. Picha yake nimeiona moja tu, ila nimeiangalia sana.

Mke wangu alitoka chumbani kwenye cherehani, pini mdomoni. Alizitoa kwanza, moja moja, ndipo akauliza kama najua kuwa shule zinafunguliwa Jumatatu ya tarehe 13. Kwamba ana sare sitini za kufikisha asubuhi hiyo kabla ya kengele. Kwamba mwalimu mkuu amesema zikichelewa, kazi ya mwaka mzima anapewa fundi mwingine. Nikasema najua. Nilikuwa sijui. Nikaongeza kwamba sare zake zitafika kwa heshima. Alirudi ndani na cherehani ikaanza kwenda kwa kasi isiyo ya lazima.

Nafanyia kazi sebuleni. Uani kuna kamba za nguo na maneno ya majirani.

Jumapili, 5 Januari

Amekuja shemeji, kaka wa mke wangu. Ana pikipiki kama ile tuliyokuwa nayo mpaka jana. Huisugua kwa mswaki. Hajawahi kuibadilisha hata kioo! Alizunguka vipande vyangu mara mbili, mikono nyuma, akauliza marehemu anazikwa lini.

Niliendelea kupiga msasa. Akasema basi Jumatatu hiyo atazipeleka sare yeye, nisihangaike. Nilikataa kwa adabu. Mzigo wa mke wangu ubebwe na pikipiki ya mtu mwingine, na mimi niko hai! Mke wangu akamwambia kaka yake aache, wanipe nafasi. Maneno hayo yaliniingia, sina budi kukiri.

Akiwa mlangoni shemeji aliuliza kitu hiki kitaitwaje. Nikasema chopa. Hapo niliteleza.

Jumanne, 7 Januari

Mwenye nyumba amefika bila taarifa, amevaa koti. Alisema amesikia kwa shemeji yangu kuwa najenga chopa sebuleni. Yeye si mtu wa kupinga maendeleo. Ila mkataba wetu hausemi lolote kuhusu kupaa, na bati lake si la kutuliwa.

Ilinichukua muda kumwelewa. Mtaa mzima unaamini nina helikopta! Aliangalia dari, akauliza mapanga yake nitayafunga wapi.

Nikamwonyesha. Alipoona ni pikipiki tu, alifarijika mpaka akakaa kitini. Akasema pikipiki haina neno, nijenge hata mbili. Mtu huyuhuyu mwezi uliopita alikataza baiskeli barazani. Shemeji alitaka kunichomea, kumbe kanitengenezea. Nayaandika haya kwa utulivu, lakini nilicheka sana bafuni.

Jumatano, 8 Januari

Mwenye mkokoteni amepeleka fremu na mirija ya mbele, ile miwili inayoshika tairi, kwa fundi wa kuchomelea. Fundi simfahamu, tumeongea kwa simu. Nimemwambia aunge fremu, na mirija airefushe kwa shubiri mbili. Nilikuwa nimepima mwenyewe ukutani: shubiri mbili, mahali pake hasa. Tepu ya nguo ya mke wangu nimekatazwa kuigusa tangu siku niliyopimia betri.

Fundi alisema shubiri mbili, hamna shida. Napenda mtu asiye na maswali.

Ijumaa, 10 Januari

Mirija imerudi. Mirefu. Mirefu mno!

Nilikwenda kwa fundi nimefura. Nikakutana na mtu mwenye viganja kama sinia. Tukaweka mikono juu ya meza yake, tukalinganisha. Shubiri zake mbili ni zangu tatu na ushee. Aliniuliza kwa upole kwa nini sikutaja sentimita kama watu wengine. Nikamwuliza kwa nini mikono yake iko hivyo. Mazungumzo hayakuendelea. Ana mageti ya kuchomelea mpaka Jumanne, hawezi kuirudia.

Njiani niliamua kwamba huu ndio urefu niliokuwa nautaka tangu mwanzo. Mke wangu amemaliza sare ya hamsini na mbili.

Jumamosi, 11 Januari

Nimefunga kila kitu. Imesimama! Pua juu, kama mbuzi anayefuata majani ya juu. Nilikaa kitini dakika ishirini nikitazama kabati la vyombo. Nilikuwa na furaha ya kweli.

Tatizo moja. Haitoki. Mlango wa sebule unatokea kwenye korido, na korido ina kona. Nilijaribu kinyumenyume. Nilijaribu ubavu. Niliisimamisha wima ikagusa taa. Mke wangu alipita na pasi, akasema limebaki dirisha. Nadhani alikuwa anatania.

Dirisha lina nondo. Nimezikata. Mwenye nyumba aliruhusu pikipiki, suala la nondo hakuligusa. Ilishushwa na watu wanne akiwemo shemeji, aliyeshika upande mwepesi. Majirani waliokuja kuiona ikipaa walirudi makwao wamenuna.

Jumapili, 12 Januari

Majaribio. Kutoka geti letu mpaka mwisho wa mtaa, moja kwa moja. Inanguruma! Kule mwisho niliinyanyua mbele na kuigeuza kwa mkono, maana palikuwa pembamba. Mke wangu alisimama getini na alitabasamu. Nimemwona. Sare sitini zimekunjwa, zimefungwa, ziko juu ya kochi.

Jumatatu, 13 Januari

Alikagua fundo la mzigo mara tatu. Kisha akakata njia ya mkato kwa miguu ili anisubiri kwenye lango la shule.

Mpaka njia panda mambo yalikuwa mazuri sana. Pale unakata kulia. Nikakata kulia. Mirija ikagonga tangi, usukani ukagoma. Katika hesabu zangu zote, tangi nilikuwa nimelisahau. Chopa yangu inakata kona, ndiyo, ila ipewe uwanja wa mpira.

Nikapita njia panda. Nikapita na ya pili. Kushuka na kuisukuma mbele ya kituo kizima cha abiria? Hapana. Barabara yenyewe ikaamua, ikanifikisha kwenye lango la shule nyingine lililokuwa wazi. Mwalimu mkuu wa pale alikuja. Nikamwarifu kwamba sare zimefika. Akasema wanafunzi wake huvaa kijani. Nikamshauri aifikirie bluu. Akaomba namba ya simu ya mtu wa nyumbani kwangu, mtu mzima.

Shemeji alifika, mke wangu kakaa nyuma yake. Walihamisha mzigo, wakaondoka. Kengele ilikuwa imelia zamani.

Mke wangu alikaa saa nzima ofisini kwa mwalimu mkuu aliyemwagiza sare, akiomba. Amepewa muhula mmoja wa majaribio, kwa sharti kwamba mzigo atauleta yeyote isipokuwa mimi. Nilimkuta nje ya ofisi akipangusa macho kwa kiganja. Niliona aibu, kubwa. Ilinikaa mpaka nyumbani.

Jumatano, 15 Januari

Nimemwomba mke wangu msamaha, wa kweli, bila maelezo marefu. Ameupokea. Chopa imenunuliwa na mwenye nyumba, anataka kuiweka juu ya bati la duka lake ivute wateja. Nondo mpya zimo katika mapatano.

Shemeji kasafiri kikazi wiki tatu. Kaacha pikipiki yake barazani ili dada yake asikwame na wateja wake. Inang'aa mpaka inaudhi. Mke wangu kanieleza taratibu, akihesabu kwa vidole: nisiipande, nisiisogeze, nisiipanguse vumbi. Funguo kazificha. Nimekubali yote. Baada ya aliyoyapitia, ni haki yake.

Nami nimekaa nikatafakari kwa utu uzima. Wazo halikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa tangi na viganja vya yule bwana. Tangi la shemeji nitalirudisha nyuma kidogo, kona itapatikana. Safari hii nitataja sentimita.

Mke wangu ameenda kuchukua vipimo vya wateja, atarudi saa kumi. Funguo sijazitafuta, nimeahidi. Kukata fremu hakuhitaji funguo.