Shimo la Kilcurran

Jumamosi, 3 Februari

Zimebaki siku sita tupige kura. Jimbo letu lina viti vitatu bungeni, na chama kimeligawa kama keki kati ya wagombea wake wawili: mimi, Malachy Tuohy, mbunge, magharibi mwa mto, Diwani Attracta Hession mashariki. Chama kimoja, bango moja, tabasamu za kulazimisha. Nikivuka daraja kuomba kura, nina kesi. Lakini misiba haina mpaka! Nimesoma matangazo ya vifo. Mashariki wamekufa watatu. Mungu hamtupi mja wake.

Jumapili, 4 Februari

Misiba miwili. Nimeshika mikono sitini, nimekula sandwichi kumi na moja. Kila mfiwa nilimnong'oneza kuwa marehemu alikuwa mtu wangu sana. Mmoja akauliza tulijuania wapi. Kanisani, nikasema. Kumbe marehemu hakukanyaga kanisa tangu siku ya harusi yake.

Attracta naye alikuwepo kote kuwili, jikoni, anaosha vikombe. Kujipendekeza tu.

Jumanne, 6 Februari

Mazishi ya mzee Packie Durkan, kijijini Kilcurran, mashariki. Balaa. Gari la maiti limezamisha gurudumu kwenye shimo la barabara ya mlimani. Shimo nalijua. Nimeahidi kuliziba mara saba, kwa barua yenye nembo ya Bunge.

Mjane, Bi Delia, akanikazia macho. "Packie alisema ipo siku utakuja kulitazama, Malachy. Haya, litazame."

Watu wakacheka msibani. Nilitamani ardhi inimeze, na mdomo ilikuwa imeshaufungua.

Ikabidi tubebe jeneza begani, nusu maili, mvua, viatu vipya. Attracta alishika upande wa pili. "Shika vizuri huko, kaka, utatumwagia mzee." Halafu, kwa sauti ya chini, akasema anawaambia watu wake wamwandike yeye wa kwanza kwenye karatasi ya kura na mimi wa pili, ili akishatosheka, kura zake za ziada zije kwangu. Nikamshukuru. Moyoni nikacheka. Namba mbili ni makombo.

Alhamisi, 8 Februari

Picha yangu gazetini! Jeneza begani, tope magotini, uso wa huzuni. Attracta amekatwa, limebaki sikio. Nimenunua nakala thelathini. Mke wangu Dympna anasema lori moja la lami lingetosha kuliziba lile shimo zamani. Hajui siasa.

Jumamosi, 10 Februari

Kuhesabu kura, ukumbi wa michezo. Viti vitatu. Duru ya kwanza: Attracta amepita kwa kishindo, mimi wa tano. Wazee wa chama, wanaochungulia karatasi kutoka nyuma ya uzio na kupiga hesabu zao wenyewe, wakaanza kunipa pole. Mmoja akauliza kama nitauza meza yangu ya ofisi. Miaka ishirini na nne ya siasa, na sijui kazi nyingine. Nilijifungia chooni nikalia kidogo.

Kisha kura za ziada za Attracta zikagawiwa walioandikwa namba mbili. Nikapanda wa nne. Wa mkiani wakatolewa mmoja mmoja, kura zao nazo zikagawanywa. Saa kumi na moja jioni: nimepita, kwa kura kumi na nne! Wakaninyanyua begani kama Packie.

Attracta akanikumbatia. "Nilikwambia, kaka." Bi Delia akaja nyuma yake. Amemwandika Attracta moja, mimi mbili, na sasa anataka shimo lizibwe. Nikaapa kwa mama yangu. Nilimaanisha, kabisa. Ah, kupumua ni kutamu.

Jumatatu, 12 Februari

Nimelala kama mtoto. Nimekula mayai matatu. Nimeutafakari ushindi huu kwa utulivu. Dympna anasema nimebebwa na Attracta. Wivu wa watu hauna dawa. Kilichoniokoa ni ile picha, na picha imeletwa na shimo.

Asubuhi mhandisi wa kaunti amepiga simu. Attracta amemsukuma mpaka amekubali: lami inafika Kilcurran Jumatano. Je, ningependa kuwepo?

Nimemwambia asithubutu kuligusa. Mlimani, juu ya lile shimo, bado wanaishi wazee tisa, gari la maiti halina njia nyingine, na uchaguzi mwingine utakuja.