Ukweli Uchi Katika Duka la Sari

Mvua ndiyo iliyomsukuma Talib ndani ya duka la sari la Bhanu, pale mtaa wa Kenton, ughaibuni, lakini tamaa ndiyo iliyomzuia kutoka. Ukutani ulining'inia mchoro wa wino: mzee mwenye mabawa, mundu mrefu mkononi, akimvua mwanamke nguo. Talib aliwahi kulinda mlango wa jumba la makumbusho, na masikio yake hayakulala kazini. Enzi za Baroko, sanaa ya karne nyingi zilizopita, halisi kabisa! Mzee ni Wakati, mwanamke ni Ukweli, na Wakati ndiye humfunua Ukweli. Bei yake? Nyumba nzima kule kwa matajiri, Stanmore, na chenji inabaki.

Jamani, watu wengine haya hawakupewa. Talib akajishika kichwa.

"Dada yangu! Duka la nguo, na ukutani mtu anavuliwa nguo? Nuksi gani hii! Ndiyo maana wateja hawaji."

"Si hawa wamejaa?" alisema Bhanu, mzaliwa wa Mombasa kama Talib.

"Wangepanga foleni hadi stesheni, dada! Nipe mimi nikautupe mbali. Kwa ajili yako tu, dada."

Bhanu akatabasamu. "Dada, dada! Na leo ndiyo Rakhi, siku dada humfunga kaka uzi."

Kabla Talib hajavuta pumzi, uzi mwekundu ulishafungwa mkononi mwake, na laddu tamu imejaa mdomoni.

"Sasa wewe ni kaka yangu. Na kaka humpa dada zawadi."

Wateja wakageuka, wakangoja. Mfukoni Talib alikuwa na kadi ya basi na pete ya kumchumbia Mwende tu; Mwende wa Woolwich, aliyekwishasema: jioni hii pete, au kesho usinipigie simu. Roho ilimuuma, lakini akajipa moyo kwamba chambo kidogo huvua samaki mkubwa. Akaitoa pete.

Makofi!

"Haya, dada, sasa mchoro."

"Mchoro?" Bhanu alishika shavu. "Nuksi hii nimkabidhi kaka yangu mwenyewe? Nitalalaje? Hata ukilia sikupi. Bora initafune mimi."

Angesema nini? Kwamba alidanganya, mbele ya kadamnasi? Alitoka mvuani akimfikiria Mwende, na kulia kwenyewe hakukuwa mbali, masikini.

Dipti, mkwe wa Bhanu, akachungulia kutoka stoo. "Mami, si Rakhi ilikuwa mwezi jana?"

"Yeye hakujua," alisema Bhanu, akiijaribu pete kidoleni. "Mpigie yule bwana wa mnada. Mwambie bei yake nimeikubali, aje auchukue mchoro wake kesho."