Jiwe la Bwana Tadamochi

Jumatano, 2 Novemba

Majani yamegeuka mekundu mlima mzima. Wageni tele. Wanapita mbele ya duka langu huku wakitazama juu kwenye maporomoko, kana kwamba mimi na dango zangu, vitonge vya unga wa mchele vya kwenye vijiti, hatupo duniani. Wanakwenda zao kwa Bi Kinue, mita mia nne mbele, kula tambi na kupiga picha kisima chake.

Kisima! Kibao kinasema Bwana Tadamochi, mtawala wa enzi za kale, akiikimbia ngome yake iliyokuwa inaungua huko juu, alisimama pale akanywa maji. Kibao chenyewe kaandika shemeji yake Kinue. Nilimwona kwa macho yangu, brashi mkononi.

Habari mbaya zaidi: kuanzia Aprili, kampuni ya mabasi itabakiza kituo kimoja tu kati ya stesheni na maporomoko. Kwangu au kwa Kinue. Atakayekikosa afunge duka. Na duka hili alilifungua babu yangu, vijiti vya dango alichonga mwenyewe. Mke wangu Sayo amesema tungoje tuone. Kungoja si kazi yangu. Mimi nina akili.

Ijumaa, 4 Novemba

Nimepata! Lile jiwe la mbele ya mlango, ninalokalia kila asubuhi nikikata kucha za miguu. Kuanzia leo ni Jiwe Alilopumzikia Bwana Tadamochi. Kibao nimeandika kwa mwandiko wa kizamani, kisha nikakipaka chai kizeeke.

Saa nne wakaja wageni wanne. Mmoja akakaa juu yake, akapigwa picha, akanunua dango mbili. Saa tano akaja Bi Kinue mwenyewe, aproni kiunoni. Akasoma kibao taratibu, kwa sauti, mbele za watu.

"Maskini bwana wa watu," akasema. "Kwangu kanywa maji, kapata nguvu. Kufika kwako tu, kachoka. Ulimlisha nini, Bwana Amemiya?"

Wageni wakacheka. Sayo naye alicheka, halafu akajidai anakohoa.

Jumapili, 6 Novemba

Nimeona kosa liko wapi. Jiwe linakaliwa. Kitu kinachokaliwa na kila mtu kina heshima gani? Jiwe linataka utakatifu.

Nimeshuka mjini, duka la vifaa vya bustani, nikanunua kamba nene ya majani ya mpunga, ile inayofungwa kwenye miti na mawe yanayokaliwa na miungu. Mita tano. Tatu zimetosha kulizungusha jiwe. Karatasi nyeupe za kuning'iniza nimekata kwenye kalenda ya mwaka jana.

Sayo alisimama mlangoni akaniuliza kama nimefikiri vizuri. Kamba hiyo kuifunga ni rahisi, akasema, kuifungua je? Nikamwambia nani atataka kuifungua. Sayo ana wasiwasi wa kuzaliwa nao.

Jumanne, 8 Novemba

Bibi Fusae, mwenyekiti wa klabu ya wazee, miaka themanini na sita, alikuwa anajipitia zake. Akaiona kamba. Akasimama, akainama mara mbili, akapiga makofi mawili, akainama tena. Hakuuliza swali hata moja! Mchana akarudi na wenzake kumi na mmoja. Wameliosha jiwe kwa brashi laini, wameliwekea machungwa na kikombe cha sake, pombe ya mchele. Bibi Fusae ameniambia goti lake limeanza kupoa. Nilitaka kumwambia ukweli. Sikumwambia.

Tatizo dogo. Dango wananunua, ila wanaliwekea jiwe, halafu nyani wanashuka kula. Leo sita. Mmoja alimaliza ile sake, akalala kwenye mkeka wangu wa wageni mpaka saa tisa.

Kisha akaja Kuhani Onodera wa hekalu la bondeni, kaitwa na wazee. Jasho likanitoka. Akauliza jiwe lina kamba tangu lini. Nikasema tangu zamani kidogo. Akaitazama kamba. Ilikuwa bado na kibandiko cha duka. Akakibandua polepole, akakitia mfukoni, akalisomea jiwe dua yake yote bila kuruka neno. Mtu muungwana sana.

Kucha sasa nakatia jikoni. Sayo hajafurahi.

Alhamisi, 10 Novemba

Siku mbaya. Naandika kwa ufupi.

Amekuja Bwana Nakazato wa kampuni ya mabasi, na mafundi wawili na gari la kuinulia mizigo. Nikampa chai, nikamwonyesha jiwe kwa majivuno. Akatoa ramani. Akasema kituo kilishaamuliwa kuwa kwangu, maana kwa Bi Kinue barabara ni nyembamba. Lilibaki jambo moja: jiwe hili lisogezwe mita mbili, basi lipate pa kugeuzia.

Limeamuliwa tangu Septemba. Septemba!

Mafundi walipoiona kamba walivua kofia. Mmoja akasema mkewe ni mjamzito, yeye hagusi. Mwingine alirudi garini akafunga mlango. Nikawaambia jamani, ni jiwe tu, kamba nimenunua Jumapili, mimi hukatia kucha hapo. Kugeuka, Bibi Fusae yuko nyuma yangu na machungwa yake.

"Unakatia nini hapo, mwanangu?" akauliza.

Basi nikasema nitaifungua mwenyewe. Nikanyoosha mkono. Kamba ya dukani, fundo langu mwenyewe, na mkono ukagoma. Nikakumbuka dua ya kuhani, nikakumbuka goti la Bibi Fusae, nikakumbuka zile kucha zote za miaka ishirini. Nikarudisha mkono. Nikainama mara mbili, nikapiga makofi mawili. Bwana Nakazato naye akapiga. Kisha akasema kwa upole kwamba wataipanua barabara kwa Bi Kinue.

Nimeumia. Duka la babu, nimelimaliza mimi kwa mita tatu za kamba. Sayo aliosha kikombe kimoja kwa muda mrefu. Heri angenigombeza.

Jumamosi, 12 Novemba

Bi Kinue ameleta bakuli mbili za tambi za moto. Nilidhani amekuja kunicheka.

"Dango zako ni nzuri, ulimi wangu ndio mbaya," akasema. "Zilete kwangu Aprili, uuzie pale pale kituoni."

Sayo alikubali kabla sijafungua mdomo. Nilikaribia kulia, ikabidi niilaumu pilipili. Sijastahili wema ule. Nimejiapiza: ujanja basi, kuanzia leo.

Mchana nikaenda kwake kupima mahali pa meza yangu. Pazuri. Ila pale pale basi litakaposimama pana mwerezi mzee, ambao mafundi wanakuja kuukata Jumatatu. Mti wa heshima kabisa, na hauna kamba. Nimeukumbatia kuupima. Mita mbili kasoro.

Kamba iliyobaki ni mita mbili.

Wakishindwa kuukata, kituo kitarudi wapi kama si kwangu? Sayo ameniuliza natafutia nini mkasi, na jiwe letu basi litalizungukaje. Hayo tutayaona mbele ya safari. Kalenda ya mwaka jana imekwisha. Nimechana Desemba ya mwaka huu.