Rais wa Ligi ya Timu Mbili

Ambrose Tully aliteremshwa kwenye treni katika mji wa Petit-Castor, kaskazini mwa Kanada, kwa sababu kondakta alikuwa amechoka kuliwa pesa kwa karata zake. Hakuwa amekusudia kushuka pale. Hakuna mtu anayekusudia kushuka Petit-Castor mwezi wa Januari. Lakini mjanja hata ukimtupa jalalani ataanza kutazama cha kuuza. Aliingia hotelini kuota moto, akaagiza supu ya njegere, na kabla haijapoa akawa ameshapata kazi.

Mwenye hoteli, mjane aitwaye Zéphirine Gaudreau, alikuwa akizozana na Hector McNab, mwenye duka la vyuma katika mji jirani wa Larkin. Miji yote miwili iliishi kwa kuchimba madini ya fedha, na ilipendana kama paka na panya.

"Vijana wako wanacheza hoki ya barafuni kama ng'ombe waliolewa," alisema McNab.

"Ng'ombe hao hao waliwafunga Krismasi!"

"Refa alikuwa mjomba wako!"

"Mjomba wangu haoni vizuri. Hakuwaonea ninyi peke yenu."

Ambrose akafuta masharubu, akainuka kwa heshima zote.

"Samahani, wakubwa zangu. Ubishi bila ligi ni kelele. Bahati nzuri mimi ndiye rais wa Ligi ya Kulipwa ya Kaskazini."

Ligi hiyo ilikuwa imezaliwa kati ya kijiko kimoja cha supu na cha pili.

"Ya kulipwa?" McNab alikunja uso. "Nani analipa?"

"Watazamaji, mzee wangu. Mimi sitaki senti ya mtu. Nataka kombe tu. Kombe la fedha halisi, liyeyushwe kutoka vyombo vya watu wenye majina yao. Atakayetoa vingi kuliko wote, jina lake litachongwa juu kabisa."

Bi Zéphirine alimtazama McNab. McNab alimtazama Bi Zéphirine. Ambrose akarudi kwenye supu yake, maana samaki akishameza chambo humpigii kelele.

Kesho yake Bi Zéphirine alileta vijiko vya harusi yake, akilia. McNab alileta birika la marehemu mama yake, akalibusu mbele za watu. Watu wa Larkin waliposikia habari za vijiko, wakaleta masinia. Wa Petit-Castor wakajibu kwa vinara vya mishumaa. Kasha chini ya kitanda cha rais likajaa, likang'aa, naye rais akawa halali bila kulipapasa.

Tatizo ni kwamba tapeli akitangaza ligi, watu hutaka mechi.

Zikaundwa timu mbili, Meno ya Petit-Castor na Nyundo ya Larkin. Ligi ya timu mbili ina faida yake: hata ukishika mkia, wewe ni wa pili. Mshahara wa mchezaji ulikuwa chupa ya bia, na kwa kuwa wengine walidai malipo kabla ya kazi, golikipa wa Meno, mkata magogo mmoja mwenye mwili kama kabati aitwaye Onésime, alilala usingizi langoni mechi nzima ya kwanza. Hakufungwa hata bao. Nyundo waliogopa kumwamsha.

Katika mechi ya pili kile kisahani kigumu cha mpira wanachogombea kwa magongo kiliruka ukuta kikapotelea kwenye theluji. Wakaendelea na kinyesi cha farasi kilichoganda, nacho kilicheza vizuri kuliko wengi wao, mpaka kikapasukia kwenye ndevu za padri aliyekuwa akitazama.

Ambrose akaona maji yanazidi unga. Akatangaza fainali. Mpango wake ulikuwa mwepesi: miji yote ikiwa uwanjani inapiga kelele, yeye atatoka mlango wa nyuma, apande gari la farasi la kuteleza litakalomsubiri nyuma ya hoteli, kasha lake likiwa limeshapakiwa, aiwahi treni.

Siku ya fainali uwanja wa barafu kando ya hoteli ulifurika. Rais alikuwa ndiyo kwanza ananyata kuelekea nje, McNab akamdaka mkono.

"Unakwenda wapi? Hatuna refa!"

"Yule mjomba..."

"Mjomba hatumtaki! Rais achezeshe!"

"Rais! Rais! Rais!" uwanja ukaitikia.

Wakamvua buti, wakamvisha viatu vya makali vya kutelezea barafuni, wakamsukuma ndani. Ambrose Tully hakuwa amekanyaga barafu maisha yake yote ila kwa bahati mbaya. Alikwenda kama mbuzi juu ya sabuni.

"Ananikimbilia mimi au anaanguka?" aliuliza Onésime, ambaye siku hiyo alikuwa macho.

Yalikuwa yote mawili. Onésime akajikinga kwa bega. Rais akaruka, akatua kwa tumbo, akateleza katikati ya timu zote mbili, akapita lango la uwanja, akapita ua wa hoteli, akasimama miguuni pa farasi wa lile gari.

"Twende!" alimwambia mwendeshaji, bado amelala kifudifudi. Huko ndani ngumi zilikuwa zimeanza, na hakuna aliyemkumbuka.

Alishuka treni Toronto akitembea kwa viatu vile vile vya makali, ka-ka-ka juu ya mawe, kasha begani. Sonara aliyepelekewa kasha alikwaruza birika. Akakwaruza vijiko. Akakwaruza sinia, akapiga chafya.

"Bati," alisema. "Bati. Na hili ni bati lililopakwa vizuri, hongera."

"Haiwezekani! Vimetoka kwenye miji inayochimba fedha!"

"Basi wanaijua, bwana. Kwa nini wampe mgeni?" Akainama kutazama chini. "Ila hivyo viatu ni chuma safi. Hivyo nanunua."

Ambrose Tully akatoka dukani kwa soksi.

Huku nyuma ligi ilikufa siku hiyo hiyo, na vilio vilikuwa vikubwa. "Vijiko vyangu!" alilia Bi Zéphirine mbele ya polisi. "Birika la mama!" alilia McNab. Kila mmoja alijua chake ni bati, na kila mmoja aliamini mwenzake ndiye mjinga aliyetoa fedha ya kweli. Basi kwa kumhurumia mjinga, McNab akaanza kuja hotelini kila Jumapili kumfariji mjane. Mjane naye akamhurumia kwa mikate ya nyama. Huruma ikakolea. Majira ya joto wakaoana.

Asubuhi ya kwanza nyumbani kwa McNab, bibi harusi alifungua kabati atafute chombo cha chai, akakuta birika la fedha, zito, limefungwa kwa flana. Wakati huo bwana harusi alikuwa anamsaidia kufungua sanduku lake, akakuta vijiko vya fedha halisi.

Wakakutana mlangoni, kila mtu na alichoshika.

"Hector," alisema Bi Zéphirine, "sukari unaweka vijiko vingapi?"