Seva Kumi na Mbili, Zote Jina Gaspard

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Aksanti Mungu. Nimepewa mashine mama!

Bon, niandike kwa mpangilio. Chumba chetu cha kompyuta hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, kimepata seva ndogo kumi na mbili, kuukuu lakini nzima, kutoka ofisi moja ya Area 49. Jumamosi kuna mtihani wa mafundi wa seva. Watahiniwa kumi na wawili, kila mmoja na seva yake. Wa kwanza anapata miezi sita ya kazi katika ofisi hiyohiyo, kule Lilongwe, pamoja na kibali cha kutoka kambini. Nafasi ni moja tu.

Rosette, mke wangu, ni mmoja wao. Mwaka jana alikaa mbele ya mashine dakika tano, umeme ukakatika, mtihani ukafutwa. Alirudi kwenye cherehani yake, siku mbili akishona tu. Mwaka huu lazima.

Madame Vénérande, mkurugenzi wetu, ameniagiza nipange vizuri seva yetu ya zamani, njo mashine mama, mfumo wake wote, halafu niisafishe na kutoa imaji. Imaji ni nakala ya mashine nzima. Zile kumi na mbili zikiwashwa zinaivuta kwenye waya na kujinakili zenyewe. Hakuna mtu kugusa kitu. Kazi ya waya amempa fundi mwenzangu, Niyonsenga. Atakayefanya vizuri kati yetu atakuwa chef wa salle, mkuu wa chumba hiki: ufunguo, meza, na kiti kinachozunguka.

Kiti kinachozunguka! Niyonsenga ana miaka ishirini na sita. Kiuno kama kile kinataka kiti cha nini?

Jumanne, tarehe 5

Msiba mdogo. Rosette amechukua daftari langu kuandikia vipimo vya sare za kwaya. Ukurasa nilioandika habari za kiti sasa una kifua cha Mama Irankunda, sentimita mia moja na nane. Sijui kama amesoma upande wa pili. Alinitazama tu, akaniuliza kama Papa Bénie, yaani mi, anataka chai. Nilisema ndiyo. Ilikuwa tamu. Aksanti kwa sukari.

Kuanzia leo naandika ndani ya mashine mama. Ya jana pia nimeinakili humu. Pahali salama kuliko hapa hakuna, maana mlango wa kuingilia ni mmoja, na neno la siri ninalijua mi peke yangu. Nimeiagiza pia inionyeshe ukurasa wa mwisho kila ninapoingia, nijue nimefikia wapi. Mashine inatii kuliko binti yangu Bénie.

Niyonsenga amekuja kuniuliza, grand hapa grand pale, kana kwamba mi ni kaka yake mkubwa, kama nataka msaada. Nilimwambia arudi kwenye waya zake. Ananiheshimu ili nilegee. Namjua.

Jumatano, tarehe 6

Madame ameleta karatasi. Mistari saba ya vitu vya kufuta kwenye mashine mama kabla ya kutoa imaji. Mstari wa kwanza: futa jina la mashine.

Nikaishia hapo. Jina la mashine ni GASPARD! Nililiandika Jumatatu kwa herufi kubwa. Yaani mi nifanye kazi wiki nzima, halafu mashine isijue nani aliifanya? Hata fundi wa viatu pale sokoni anapiga alama yake ndani ya soli.

Njo hapo nikapata mpango. Sifuti kitu. Jumamosi seva kumi na mbili zitawaka na zote zitasema Gaspard. Wageni watauliza huyu Gaspard ni nani. Mi nitakohoa kidogo. Kiti ni changu.

Hatari ni moja, Niyonsenga aione ile karatasi. Nimeificha nyumbani, chini ya droo ya cherehani. Madame ameuliza kama nimeifuata. Nimemwambia mstari kwa mstari. Kwa kweli nimeufuata mmoja, kwa macho.

Alhamisi, tarehe 7

Lilongwe! Kibali kimetoka asubuhi, aksanti sana. Madame amenituma Area 49 kuchukua waya wa umeme uliosahaulika.

Fundi wa ofisi ile anaitwa Mister Mphatso. Njo yeye atakuwa mtahini Jumamosi. Nikaona mkono wa Mungu. Nilimsifia ofisi, tai, hata ua lake la plastiki. Alinipa chai na mkate wenye siagi pande zote mbili. Nilimshukuru kwa lugha yao, zikomo kwambiri, mara nne.

Akanionyesha kitu. Seva iliyosafishwa vizuri, ikiwaka mara ya kwanza, inajiandikisha yenyewe: inapata jina lake na kitambulisho chake ambacho nyingine haina. Nilihesabu. Sekunde nne! Mi kitambulisho changu nilikingojea kwenye foleni mpaka ndevu zikaota. Nilicheka, kisha nikatazama kikombe, naye akaniongezea chai bila kuuliza. Mtu mzuri sana.

Aliniuliza kama mashine mama yangu iko safi. Nikasema iko safi kama bibi harusi.

Njiani, pale Lumbadzi, nikanunua ndizi nne. Tatu za nyumbani, moja ya njia. Zimefika mbili.

Ijumaa, tarehe 8

Jaribio. Nimewasha seva moja, ikaivuta imaji, ikajinakili, ikaandika: Karibu, Gaspard. Niliona machozi yanakuja, nikaizima haraka, nikasingizia vumbi. Ni Agosti, vumbi iko kila mahali, walinikubali.

Niyonsenga akasema, kwa heshima zake, kwamba tuwashe mbili pamoja, tuone kama zinaelewana. Nikamjibu kwamba betri za sola si za babu yake. Akarudi kwenye waya zake. Halafu mchana, mi sina chakula maana ile siagi ya jana ilinidanganya nikasahau kubeba, akakata nsima yake, ugali wa huku, katikati akanisukumia, na maharagwe juu.

Naandika hapa tu, mahali ambapo hakuna mtu atasoma: waya za huyu kijana ni safi kuliko kazi yangu. Amezifunga moja moja, amezipa namba. Aksanti kwa nsima yake. Kiti lakini ni changu.

Lingine la siri. Rosette anajua kazi hii kunishinda. Juzi alinieleza jambo la funguo za seva huku anapiga pasi, nikajifanya nilikuwa nalijua. Namshukuru Mungu kwa yule mwanamke kila siku, na naogopa siku atakayojua anavyojua. Akae bila kujua mpaka nipate kiti.

Karatasi ya Madame bado iko chini ya droo ya cherehani. Salama. Nikimaliza kuandika hapa, natoa imaji ya kesho.

Jumamosi, tarehe 9

Mamaye. Mamaye, mamaye.

Saa mbili watu wote wako. Rosette amevaa blauzi ya bluu aliyoishona kwa ajili ya mwaka jana. Niyonsenga akawasha umeme. Seva kumi na mbili zikaamka, zikaivuta imaji, zikajinakili. Dakika kumi na nane, hakuna mtu kugusa. Ilikuwa raha kutazama.

Nikaandika neno la siri ubaoni, maana mlango ni ule mmoja na lazima wote waingie. Neno la siri ni Rosette. Batu wakafanya iiih. Rosette akaangalia chini, anacheka kwa mabega.

Kumi na mbili zikasema: Karibu, Gaspard. Nikakohoa kidogo.

Halafu wote wakainamia skrini. Nikadhani ni mshangao. Kumbe wanasoma. Kila skrini, ukurasa wa jana! Marlène wa mstari wa mbele akauliza kwa sauti kiti chenyewe kiko wapi, akione. Mwingine akataka kujua kuhusu siagi. Niyonsenga alisimama nyuma ya Marlène, anasoma, midomo inatembea. Madame Vénérande alisoma mara mbili na miwani, mara ya tatu bila miwani. Nilitamani sakafu inimeze, lakini sakafu yetu ni ya saruji.

Na hiyo ilikuwa nafuu. Mister Mphatso akatuma mtihani kwa kila seva. Haukufika. Seva zote jina moja, kitambulisho kimoja, kwa hiyo mtandao ukazipa zote anwani moja. Moja ikiingia, inaifukuza nyingine. Mtihani wa kila mtu ulitumwa kwa Gaspard, na Gaspard walikuwa kumi na wawili, wanasukumana mlangoni.

Dakika ishirini hivyo. Mwishowe Mister Mphatso akafunga jalada lake. Akasema kwa upole kwamba anasikitika, labda mwakani.

Mwakani! Nilimwangalia Rosette. Alikuwa na uso ule wa mwaka jana. Sikuwaza kiti tena, naapa. Nikamwambia Madame mbele ya watu wote kwamba kosa ni langu, sikufuta hata mstari mmoja, wasimwadhibu mtu mwingine. Madame akauliza karatasi iko wapi. Darasa zima likajibu kwa pamoja: chini ya droo ya cherehani. Niyonsenga alikuwa ameshatoka, amepanda kabaza, anamhimiza mwenye baiskeli akanyage.

Lakini Rosette hakungoja karatasi. Aliinua mkono, akaomba ruhusa, akaanza. Akafuta jina. Akafuta kitambulisho. Akafuta funguo, akatengeneza mpya. Akaiwasha upya. Sekunde nne! Seva yake ikajiandikisha, ikaingia kwenye mtandao, ikakaa kimya mahali pake kama mtu mwenye adabu. Mister Mphatso akaja kusimama nyuma yake. Akafungua jalada tena. Akatangaza kwamba hilo njo swali la kwanza kwa wote: seva yako imekuja na kitambulisho cha mtu mwingine, itengeneze. Rosette kwake limeshakwisha.

Niyonsenga akafika na karatasi, jasho linatiririka. Mister Mphatso akaichukua ili kusahihishia. Nilipata nafasi ya kuisoma kwa mara ya kwanza. Mstari wa sita: futa kila kitu cha binafsi, hasa maandishi.

Saa nane matokeo. Rosette wa kwanza. Wa kwanza! Nilipiga kelele mpaka batoto wakaja dirishani kuuliza nani amekufa.

Jumapili, tarehe 10

Kanisani nimesimama kutoa shukrani. Pasteur aliniomba nifupishe. Nilishukuru kwa Rosette, kwa Mister Mphatso, kwa umeme ambao haukukatika, kwa mwenye kabaza ambaye simjui jina. Mama Irankunda alicheka tangu naanza. Habari zimefika kwaya.

Chef wa salle ni Niyonsenga. Sawa. Mchana alikuja nyumbani, akasimama mlangoni, akasema amefurahi nilivyoandika juu ya waya zake, maana hakuna mtu aliwahi kuzisifia. Kisha akanichukua mpaka salle, akafungua na ufunguo wake, akaniambia grand kaa. Nilikaa. Nilizunguka mara tatu. Kinalia kidogo upande wa kushoto, lakini ni kiti kizuri. Nimemwomba msamaha kwa maneno ya betri na babu. Babu yake, kumbe, aliitwa Gaspard pia.

Rosette hakunigombeza kuhusu droo. Alileta chai palepale salle, akakaa mbele ya mashine mama, akaniomba nimsomee pale nilipoandika juu yake. Nilisoma. Akaomba tena. Nilisoma mara tano, chai ikapoa, tukainywa hivyohivyo. Aksanti Mungu, sikustahili.

Jumatatu, tarehe 11

Madame Vénérande amenisamehe. Ana moyo mkubwa yule mama. Amenipa tena mashine mama, kwa ajili ya wanafunzi wa Septemba. Imaji mpya, itanakiliwa kesho asubuhi kwenye seva zote, chini ya macho ya chef wa salle.

Safari hii nimefuata karatasi. Jina nimefuta, kwa uchungu, lakini nimefuta. Kitambulisho, funguo, historia, vyote. Mstari wa sita ulinisumbua. Shajara hii nimeizoea, na daftari sasa limejaa viuno vya kwaya nzima. Kuifuta siwezi.

Kwa hiyo nimeificha, na safari hii nimetumia kichwa. Haina jina langu popote. Nimeiweka ndani ya mashine mama, kwenye faili inayoitwa Niyonsenga. Hapo nani atapekua?

Aksanti Mungu kwa akili uliyonipa.