Nyota Tano Zilizozamisha Okidi Zangu

Mheshimiwa Mkuu wa Maktaba,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima na mkavu. Mimi ni mzima tu.

Naitwa Chiu Su-mei, mkulima wa okidi hapa Tainan, mwenye kadi yako tangu zilipokuwa za karatasi. Marehemu mume wangu, Wen-hsiung, aliniachia miche elfu mbili na kompyuta kuukuu ya Linux inayofungua maji bandani kwa skripti, yaani orodha ya amri, aliyoiandika mwenyewe. Mvua zimeanza, mizizi inaoza, nami nilitaka jambo moja: maji yafunguke mara moja kwa siku badala ya mbili. Miche hii aliipanda kwa mikono yake, na ikifa sijui nitaamkia nini asubuhi. Nikaja kwako kuazima vitabu vya wanaoanza. Yaliyonipata ni haya:

1. Kitabu cha kwanza, ukurasa wa tatu, kinasema "kama sote tunavyojua". Sote na nani? Mwandishi awataje kwa majina, nikawaulize.

2. Cha pili kimeandikwa bara, ng'ambo ya mlango-bahari. Wenzetu kule faili huiita wenjian, neno ambalo kwetu ni hati za karatasi. Kikaniagiza nihamishie wenjian zote kwenye kompyuta. Nikamwaga droo nzima, nikazipanga hati juu yake, cheti cha ndoa kikiwa juu kabisa. Mashine ikapata joto, ikazimika.

3. Hakuna kitabu hata kimoja kinachotaja pakiti ya kijani. Hapa kwetu hata mtoto mdogo anajua kwamba mashine haitulii bila kuwekewa juu vile vitafunwa vya mahindi ambavyo jina lake ni "kuwa mtiifu". Nilinunua mwenyewe, bila mwongozo. Shemeji yangu A-kuo alipokuja alicheka mpaka akakaa chini. "Shemeji, umeweka ya manjano, hiyo ni ya kutafutia pesa. Halafu imepitwa na tarehe. Ungekuwa wewe ungemtii mtu anayekulisha makombo yaliyochacha?" Aibu hiyo naihesabu juu ya maktaba.

4. Kitabu cha tatu, kwenye somo la ratiba, kina nyota tano, * * * * *. Nikadhani mwandishi anajisifu, kama hoteli. Mkutubi wako Pei-ling akaniambia, "Shangazi, hizo ndizo saa na siku. Ziweke tu mbele ya amri ya maji." Nikaziweka, nikaenda zangu kwa daktari wa meno. Sasa najua kwamba nyota tano ni kufungua maji kila dakika. Niliporudi maji yalikuwa kwenye vifundo vya miguu na vyungu vinaelea. Nilifunga bomba kwa mkono, nikazifuta nyota, nikalia.

Kwa hiyo naomba neno "rahisi" lipakwe wino mweusi kwenye majalada yote. Pili, waandishi waletwe bandani kwangu na ndoo. Tatu, kitabu chenye nyota kichomwe hadharani. Kiberiti nitaleta mimi. Mtu wa miaka sitini na sita hawezi kujifunza mambo haya kwa vitabu, na maktaba isimdanganye.

Nisalimie Pei-ling, mlinzi wa mlangoni, na yule mzee anayesinzia juu ya magazeti.

Wako katika viatu vilivyoloa,
Chiu Su-mei

N.B. Kile kitabu chenye nyota kisichomwe. Kwenye ukurasa wa hamsini kinasema kwamba mstari unaoanza na alama ya # mashine huuruka, kwa kuwa umeandikiwa watu. Nikaifungua skripti ya Wen-hsiung kutafuta mistari hiyo. Wa kwanza unasema: "# Su-mei, nilijua utafika hapa peke yako. Mvua zikianza futa 17, ndiyo saa ya maji ya jioni." Nimefuta, na leo maji yamefunguka mara moja tu. Naomba niongezewe wiki mbili za kukaa na kitabu. Mistari ya namna hiyo imebaki kumi na minne, nami nasoma mmoja kwa siku.