Nilivyozisafisha Namba za Kariuki

Mashahidi wa aibu yangu ya leo ni hawa: ndugu yangu Kariuki, anayemaliza chuo huko Juja; rafiki yake Otieno; Bi Salma, mwenye chumba cha kompyuta hapa Ruiru; na Daktari, mwalimu anayemsimamia Kariuki. Wa tano ni mimi, Njeri. Nimeumbuka mbele ya wote wanne, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na adabu ya kuangalia kando.

Mnajua niliacha shule darasa la saba wazazi wetu walipofariki, nikabaki na wadogo wanne. Kariuki ndiye wa kwanza kukaribia kumaliza chuo. Leo ilikuwa siku ya mwisho ya kazi yake ya takwimu. Daktari asipotia sahihi kabla ya saa kumi na moja, Kariuki anarudia mwaka. Mwaka mzima!

Kazi yenyewe ni maharagwe. Niliyapanda mimi, nyuma ya nyumba yetu Kamenu, Thika, katika mikebe mia mbili na arobaini: mingine ina maganda ya kahawa, mingine samadi, mingine udongo mtupu. (Majirani walidhani nauza mikebe.) Miche ikang'olewa, ikakaushwa, ikapimwa mmoja mmoja kwa mizani ya chuo. Kila uzito niliuandika daftarini kwa mkono wangu.

Asubuhi tulizichapa namba zote, Kariuki na mimi, kwa zamu. Kisha akaiamuru programu ionyeshe tarakimu zote ilizo nazo, maana Daktari hataki namba zikatwe katikati ya hesabu. Saa saba yeye na Otieno wakaenda kula, Bi Salma akaenda kuswali.

"Dada, linda mashine. Usiguse kitu."

"Niguse nini mimi?"

Nikaitazama skrini. Ngai! Mche wa kwanza niliuandika gramu 1.15. Skrini ilisema 1.1499999999999999.

Nikatoa daftari kikapuni. 1.15, mwandiko wangu kabisa. Mashine imeng'ata haragwe letu, halafu ikaziba pengo kwa tisa kumi na nne! (Nilizihesabu kwa kidole.) Daktari akiona hivi, si atasema Kariuki amepika namba?

Nikachapa upya: 1.15. Tisa zikarudi. Nikajifuta vidole kwa leso, labda ni mafuta ya kujipaka. Zikarudi. Nikaomba kidogo. Zikarudi zote kumi na nne, hakuna hata moja iliyochelewa.

Mche wa saba, wenye 1.25, ulikuwa safi. Ajabu! Nikajaribu 1 peke yake. Ikatulia. Hapo nikajiona nina akili. Namba nzima haishiki uchafu! Na kwa kuwa hakuna mche uliofika gramu moja na nusu, wala uliopungua nusu, si wote ni kama gramu moja tu? Nikaweka 1 kila mahali. Mia mbili na arobaini. Nikahifadhi kwenye disketi juu ya zile za zamani, nikakunja mikono nikingoja kusifiwa.

Saa nane wote watatu wakarudi, na Daktari akafika. Kariuki akaendesha hesabu. Programu ikagoma: hakuna tofauti yoyote, na kugawanya kwa sifuri haiwezi.

Daktari akasogeza miwani. "Kariuki, kila mche gramu moja kamili. Ulipanda maharagwe au sarafu?"

Kariuki akawa rangi ya majivu. Nikasimama.

"Ni mimi, Daktari. Mashine ilikuwa inadanganya, nikazisafisha."

"Yarabi," Bi Salma akasema, "mwanangu, umeichambua kompyuta kama mchele?"

"Kama maharagwe," nikasema. (Sijui kwa nini nilimsahihisha.)

Otieno akacheka mpaka akashika ukuta. Daktari yeye akavuta kiti karibu nami.

"Dada, mashine hii inajua kukata katikati tu. Kata chapati nusu, ile nusu ikate tena, endelea hivyo. Utawagawia watu kumi sawasawa lini?"

Nikafikiri. "Haiwezekani. Kila mara kuna kipande kinabaki."

"Basi. Moja na robo inaiweza, ndiyo maana 1.25 ilitulia. Kwa 1.15 inakata, inakata, inakaribia tu. Pengo linalobaki, chembe ya vumbi ni kubwa kulishinda mara mamilioni."

Nilishika shavu. Miaka hiyo yote nimegawa chapati kwa watoto watano nami nikiwemo, nakata katikati, kipande kinabaki, nakikata tena, kinabaki. Kumbe boksi la kijivu pale mezani linahangaika vivyo hivyo, kwa vitu vidogo kuliko vumbi, na likiulizwa linaonyesha pengo lake bila kuficha! Nikaomba niandikiwe tena 1.15. Nikazitazama zile tisa. Sikuziona uchafu tena.

"Dada," Kariuki akaninong'oneza, "zamu yetu ya kutumia mashine imeisha. Sasa ni ya Otieno mpaka Bi Salma afunge."

Otieno alikuwa tayari amesimama kando ya kiti cha mashine. "Keti, bwana. Kazi yangu mimi inatakiwa wiki ijayo."

Nikasoma daftari, Kariuki akachapa, Otieno akakagua. Printa ikalia kama mbuzi. Dakika kumi kabla ya saa kumi na moja Daktari akatia sahihi. Maganda ya kahawa yameshinda! Nililia kidogo. (Moshi. Ruiru ina moshi.)

Nje nikamuuliza Otieno nitamlipaje zamu yake.

"Kwa kupima, sista. Njoo Jumamosi. Nina sampuli mia tatu."

"Za nini?"

Akaangalia viatu vyake. "Sungura."

"Sungura mia tatu?"

"Sungura kumi na wawili. Sampuli ni zile... wanazoacha nyuma."

Mia tatu. Moja moja, kwenye mizani. Deni ni deni, nitakwenda. Anayetaka kucheka aje na glavu zake.